MAZUNGUMZO YA NYUMBANI: Wanawake Watano katika Ukoo wa Bwana



Siku za Majilio zimetufikia tena. Jina hili latokana na neno kujilia, nalo latukumbusha kuja kwake Bwana kwetu. Kanisa limeweka Jumapili nne za kumngojea kabla ya sikukuu ya Kuzaliwa kwake, na ya kwanza ni ile iliyo karibu zaidi na tarehe 30 Novemba, sikukuu ya Mtume Andrea. Huku pwani, na katika sehemu nyingi za bara, siku hizi huwa ndizo siku za mvua za vuli. Mbegu zimekwisha kutiwa ardhini, na mavuno yangali mbali. Mkulima ajua maana ya kungoja. Hakai kitako akitazama mawingu. Hupalilia, huziba mapengo ya ua, hufukuza ndege na ngedere. Hawezi kuyaharakisha mavuno hata kwa siku moja, walakini asipozitenda kazi hizo, siku ya kuvuna atakuta magugu.

Mwezi huu twataka kuzungumza nanyi juu ya imani ingojayo kwa namna ya mkulima huyo. Mifano yake i katika sura ya kwanza ya Injili ya Mathayo, mahali ambapo wengi hupita upesi kwa kuwa waona ni orodha ya majina tu. Mathayo ahesabu vizazi kumi na vinne toka Ibrahimu hata Daudi, kumi na vinne toka Daudi hata uhamisho wa Babeli, na kumi na vinne toka uhamisho hata Kristo. Wayahudi walihesabu ukoo kwa upande wa baba, kama wafanyavyo Wachaga, Wahaya, Wakikuyu na Wajaluo, wala si kama Waluguru, Wayao na Wamakonde, ambao huhesabu kwa upande wa mama. Kwa hiyo Mathayo hakuwa na haja ya kumtaja mwanamke hata mmoja. Walakini awataja watano.

Tena tuangalie ni wanawake gani. Tungedhani atawataja Sara, Rebeka, Lea na Raheli, mama wakuu ambao kila Myahudi alijivunia kuwa mtoto wao. Hao hakuwataja. Awataja Tamari, na Rahabu, na Ruthu, na mke wa Uria, na mwisho Mariamu. Mmoja alikuwa mjane aliyenyimwa haki yake na jamaa za mumewe. Mmoja alikuwa kahaba wa mji wa kigeni. Mmoja alikuwa mgeni fukara wa taifa lililochukiwa. Mmoja alitwaliwa na mfalme, kisha mumewe akauawa. Na wa mwisho alikuwa msichana ambaye mimba yake ilionekana kabla ya kuletwa nyumbani kwa mchumba wake. Kama sisi tungeandika kitabu cha ukoo wetu, yamkini wazee wangetuambia, majina haya yafuteni, yatatuaibisha mbele ya watu. Mathayo hakuyafuta.

Kabla ya Mariamu wako wanne, na Jumapili za Majilio ni nne. Basi twashauri kila nyumba isome habari za mmoja kila Jumapili jioni, baada ya chakula, na habari za Mariamu zisomwe mkesha wa Kuzaliwa. Baba asome, au mama, au mtoto yeyote ajuaye kusoma vizuri. Nasi tumeweka kazi moja ya kila juma, kwa kuwa somo lisilofuatwa na tendo hupotea kabla ya Jumatatu.

JUMAPILI YA KWANZA: TAMARI
(Someni Mwanzo 38)

Tamari aliolewa na Eri, mwana wa kwanza wa Yuda. Eri akafa. Kwa desturi ya siku zile ndugu wa marehemu alipaswa kumwoa mjane, ili jina la marehemu lisipotee na mjane asitupwe. Akapewa Onani, naye Onani akamfanyia hila, akafa. Ndipo Yuda akamwambia arudi nyumbani kwa baba yake, akae ujane hata Shela, mwana wa tatu, atakapokua. Tamari akatii, akarudi, akangoja. Shela akakua, wala hakuitwa. Yuda aliogopa kwamba mwana huyu naye angekufa, akanyamaza, akimwacha mwanamke yule azeeke katika mavazi ya ujane.

Mnajua yaliyofuata. Yuda alipokuwa akienda Timna kukata manyoya ya kondoo zake, Tamari alijifunika utaji, akakaa njiani, naye Yuda asimtambue akamwendea, akamwachia rehani ya muhuri, kamba na fimbo. Baada ya miezi mitatu Yuda akaambiwa ya kuwa mkwewe ana mimba, akaamuru atolewe, achomwe moto. Tamari hakupiga kelele wala hakumtaja mtu. Aliipeleka ile rehani tu, akataka mwenyewe aitambue. Yuda akaitambua, akakiri mbele ya watu ya kuwa mwanamke huyu ana haki kuliko yeye. Akazaa mapacha, Peresi na Zera, na kwa Peresi ukoo wa Daudi uliendelea.

Huenda mtu atauliza, je, tuwafundishe binti zetu kutenda kama Tamari? La. Maandiko hayakulificha tendo lake, wala hayakuliweka liwe kielelezo cha kuigwa. Walakini hukumu ya Yuda yatufundisha kosa lilianzia wapi. Lilianzia kwa mtu aliyetoa ahadi huku moyoni hana nia ya kuitimiza. Wazee husema ahadi ni deni, na deni la Yuda lilikuwa kubwa, maana lilikuwa maisha ya mtu.

Hapa kuna jambo la kupambanua vema katika siku hizi za kungoja. Kumngoja Mungu ni kitu kimoja, na kungojeshwa na watu ni kitu kingine. Mungu huahidi na kutimiza. Wanadamu mara nyingi humwambia mjane kwamba subira yavuta heri, nao wenyewe wamekwisha kulima shamba lake. Mjane akisema neno, huambiwa hana imani. Ndugu zetu, msiitumie subira kuwa kifuniko cha dhuluma. Tamari aliijua haki yake katika nyumba ile, akaishika, na Mungu hakumfuta katika ukoo wa Mwanawe.

Kazi ya juma hili: kila mwenye nyumba afikiri kama yuko mjane au yatima aliyeahidiwa naye kitu, kama sehemu ya shamba, au karo ya shule, au bati la kuezekea. Deni hilo lilipwe kabla ya sikukuu. Asiyeweza kulipa lote alipe sehemu, akaseme kwa kinywa chake mwenyewe siku ya kumaliza.

JUMAPILI YA PILI: RAHABU
(Someni Yoshua 2 na 6)

Rahabu alikaa Yeriko, katika nyumba iliyojengwa ukutani mwa mji. Maandiko yamwita kahaba, wala hayamtafutii jina la kupendeza zaidi. Hakuwa na Torati, hakuwa na nabii, hakuwa na hekalu. Alikuwa na habari tu: kwamba Mungu wa Israeli aliikausha bahari mbele ya watu wake, na kwamba wafalme Sihoni na Ogu wameangamizwa. Mji mzima ulizisikia habari zile zile. Wengine walizisikia wakaogopa. Rahabu alizisikia akaamini, kisha akatenda: akawaficha wapelelezi wawili darini chini ya mabua ya kitani, akawashusha kwa kamba dirishani.

Na alipopata nafasi ya kuomba, aliomba nini? Hakuiomba nafsi yake peke yake. Alimwombea baba yake, mama yake, ndugu zake wanaume na wanawake, na wote walio wao. Akaambiwa afunge kamba nyekundu katika dirisha, na jamaa zake wote wakusanyike ndani ya nyumba yake. Akaifunga kamba. Kisha akangoja.

Tufikiri kidogo juu ya kungoja kwake. Wapelelezi walijificha milimani siku tatu. Baadaye taifa zima likavuka Yordani, likapiga kambi, likala Pasaka. Halafu watu wakaanza kuuzunguka mji, mara moja kwa siku, siku sita, pasipo kusema neno. Siku hizo sita ukuta haukutikisika. Maandiko hayasemi jamaa wa Rahabu walisema nini mle ndani, lakini aliyepata kuwa mtu wa pekee mwenye kuamini katika nyumba ya watu wengi aweza kukisia. Siku ya saba wakauzunguka mara saba, na ukuta ukaanguka, na nyumba yote ya Rahabu ikaokoka.

Wako wengi kati yenu, wasomaji wetu, walioamini peke yao katika jamaa zao. Mama amebatizwa na mume bado, au kijana amebatizwa na wazazi wanamcheka. Kwenu twasema: itazameni kamba ile dirishani. Rahabu hakuwalazimisha jamaa zake, wala hakuwadharau, wala hakutoka akaenda kuokoka peke yake. Alikaa nao, akawaita waingie. Waraka kwa Waebrania, sura ya 11, wawataja kwa majina wanawake wawili tu miongoni mwa mashujaa wa imani, nao ni Sara na Rahabu. Na Yakobo amleta Rahabu awe shahidi wake kwamba imani yaonekana kwa matendo.

Kwenu wengine, mnaokaa viti vya mbele kanisani, twasema hivi: yuko mwanamke katika mtaa wenu ambaye watu wamwita kwa kazi aliyokuwa akiifanya zamani. Amekwisha kuiacha miaka mingi, lakini jina bado lamfuata sokoni na hata mlangoni pa kanisa. Katika Israeli alipatikana mtu wa kabila la Yuda, jina lake Salmoni, aliyemwoa Rahabu. Je, kwetu atapatikana hata mtu wa kumkaribisha chai?

Kazi ya juma hili: mkaribisheni nyumbani mtu mmoja wa namna hiyo, ale pamoja nanyi mezani au mkekani, si mlangoni. Watoto nao wafundishwe kumwamkia kwa jina lake.

JUMAPILI YA TATU: RUTHU
(Someni kitabu chote cha Ruthu, sura zake ni nne tu)

Bethlehemu maana yake ni nyumba ya mkate, na katika nyumba hiyo ya mkate iliingia njaa. Elimeleki na mkewe Naomi wakahamia nchi ya Moabu pamoja na wana wao wawili. Huko wana wakaoa, na huko Elimeleki na wanawe wote wawili wakafa. Wakabaki wajane watatu. Naomi aliposikia ya kuwa kwao pana chakula tena, akaondoka kurudi, akawasihi wakaza wana wake wabaki katika nchi yao. Orpa akarudi kwao. Ruthu akashikamana na mavyaa yake, akachagua nchi yake, watu wake na Mungu wake.

Wamoabi hawakupendwa. Torati iliwakataza kuingia katika kusanyiko la Bwana kwa sababu hawakuwalaki Waisraeli kwa chakula na maji walipotoka Misri. Sasa angalieni: mwanamke wa taifa hilohilo lililowanyima Waisraeli chakula ndiye aliyekwenda shambani kumtafutia chakula mjane wa Kiisraeli.

Sisi husema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Ruthu hakungoja kupewa. Aliomba ruhusa kwa Naomi aende akaokote masuke nyuma ya wavunaji, kwa kuwa Torati iliwaamuru wenye mashamba wasivune hata pembeni, bali wawaachie maskini na wageni masazo. Aliokota kutwa nzima, na jioni alipopura alipata kiasi cha efa moja ya shayiri, nacho ni kipimo kinachokadiriwa kuwa lita 22 hivi. Hivyo ndivyo alivyofanya tangu mavuno ya shayiri hata mwisho wa mavuno ya ngano. Haba na haba hujaza kibaba, na kwa kibaba hicho wajane wawili waliishi.

Mwenye shamba alikuwa Boazi, ambaye Mathayo amhesabu kuwa mwana wa Rahabu. Yaani mtu aliyempokea mwanamke mgeni alikuwa mwenyewe mtoto wa mwanamke mgeni. Na alipokwisha kuombwa na Ruthu atimize haki ya jamaa, hakumwambia tu kwamba Mungu atamsaidia. Asubuhi ile alikwenda langoni pa mji, akawaketisha wazee kumi, akamwita jamaa aliyekuwa wa karibu zaidi, na shauri likakatwa mbele ya mashahidi. Jamaa yule alikataa kwa kuhofia urithi wake mwenyewe, akavua kiatu chake. Boazi akamwoa Ruthu, naye akamzaa Obedi, babu yake Daudi. Na wanawake wa Bethlehemu, waliokuwa wamemwona Ruthu akiingia mjini kama fukara, wakamwambia Naomi ya kuwa mkwe huyu amemfaa kuliko wana saba.

Siku hizi lango la mji ni baraza la kijiji na mahakama. Katika Tanzania, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 yampa mwanamke haki ya kupata na kumiliki ardhi sawasawa na mwanamume. Katika Kenya, Sheria ya Urithi iliyotungwa mwaka 1972 na kuanza kutumika mwaka 1981 yamtambua mjane katika urithi wa mumewe. Walakini sheria haina miguu ya kumwendea mjane nyumbani kwake. Mwanamke aliyeolewa mbali na kwao, asiye na ndugu karibu, ahitaji mtu mwenye heshima wa kwenda naye langoni, akae karibu naye, ashuhudie.

Kazi ya juma hili: wanaume wa kila mtaa waulizane, ni mjane gani kwetu aliye na shauri la shamba au nyumba ambalo halijakatwa, na ni nani atakayekwenda naye. Na katika kila nyumba, mavyaa na mkaza mwana waketi pamoja wakiisoma habari hii.

JUMAPILI YA NNE: MKE WA URIA
(Someni 2 Samweli 11 na 12, na 1 Wafalme 1)

Jina lake alikuwa Bath-sheba, na Mathayo alilijua bila shaka, lakini hamtaji kwa jina hilo. Amwita mke wa Uria. Hivyo kila asomaye ukoo wa Bwana humkumbuka Uria Mhiti, askari mwaminifu aliyeuawa kwa hila ya mfalme wake. Ukoo wa kifalme haukupewa ruhusa ya kumsahau mtu uliyemdhulumu.

Daudi alikaa Yerusalemu wakati majeshi yake yalipokuwa vitani Raba. Alimwona mwanamke toka juu ya dari, akatuma wajumbe wakamtwaa. Katika habari hiyo yote mwanamke asema jambo moja tu, naye alisema kwa mjumbe: kwamba ana mimba. Kisha Uria akawekwa mbele penye vita vikali, akafa, na mkewe akamlilia.

Sisi tunayo mithali isemayo, mwenye nguvu mpishe. Watu wote wa jumba la mfalme walimpisha. Wajumbe walimpisha, na Yoabu jemadari alimpisha. Nabii Nathani peke yake hakumpisha. Alikwenda akamwambia mfalme mfano wa tajiri mwenye kondoo wengi, aliyemnyang'anya maskini mwana-kondoo wake mmoja. Daudi akakasirika, akamhukumu tajiri, naye Nathani akamjulisha ya kuwa tajiri huyo ni yeye. Angalieni ya kuwa katika mfano ule mwana-kondoo halaumiwi kwa neno lolote.

Tunaliandika jambo hili kwa makusudi. Yatokea hata katika nyumba za waaminio kwamba msichana ameharibiwa na mtu mkubwa: mwalimu, au bwana wa kazi, au jamaa mwenye mali, au hata mzee wa kanisa. Ndipo wazee hukutana usiku, mbuzi hutolewa, na msichana huambiwa anyamaze ili jina la nyumba, au jina la kanisa, lisichafuliwe. Ndugu zetu, jina la kanisa limekwisha kuchafuliwa siku lile tendo lilipotendwa. Kunyamaza ni kulifunika doa lizidi kuenea. Jambo la namna hiyo si la kumalizwa kwa mbuzi. Msichana apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, na habari ipelekwe polisi, na mama yake asiachwe aende peke yake.

Na Bath-sheba mwenyewe hakubaki mtu wa kulia tu. Mtoto wake wa kwanza alikufa, akamzaa Sulemani. Daudi alipokuwa mzee, na Adoniya alipojitwalia ufalme, mama huyu aliingia chumbani mwa mfalme akamkumbusha kiapo chake. Yule aliyetwaliwa pasipo kuulizwa sasa alisimama akanena, na neno lake likasikiwa. Twasoma pia ya kuwa Sulemani, alipokwisha kuketi katika kiti cha enzi, aliinuka kumlaki mama yake, akamwekea kiti mkono wake wa kuume. Na katika kitabu cha kwanza cha Mambo ya Nyakati twaona ya kuwa mwana wake mmoja aliitwa Nathani, jina lile lile la nabii.

Kazi ya juma hili: kila mzazi aseme na watoto wake, wa kike na wa kiume, awaambie wazi kwamba mtu yeyote akiwatenda vibaya, hata akiwa mkubwa namna gani, waje waseme, nao watasadikiwa.

MKESHA WA KUZALIWA: MARIAMU
(Someni Luka 1 na Mathayo 1)

Sasa twafika kwa yule wa tano, ambaye orodha yote yamtazamia. Mariamu wa Nazareti alikuwa ameposwa na Yusufu. Malaika Gabrieli alipomletea habari, aliuliza neno moja, litakuwaje. Na alipojibiwa, akajitoa kuwa mjakazi wa Bwana. Yeye hakuwa na kosa lolote. Lakini machoni pa majirani mimba ile ilikuwa hatari, maana Torati ilikuwa na adhabu kali kwa mwanamke aliyeposwa akaonekana amezini. Yusufu mwenyewe alikusudia kumwacha kwa siri, hata alipofundishwa na malaika katika ndoto.

Basi Mariamu alifanya nini? Aliondoka kwa haraka, akashika njia ya nchi ya milima ya Yudea, mwendo wa siku kadhaa kwa miguu, akaingia nyumbani mwa jamaa yake Elisabeti. Mariamu ndiye aliyeamkia kwanza, kama adabu inavyotaka kwa mdogo. Lakini mzee yule alimjibu kwa heshima iliyopita umri, akambariki yeye na mtoto aliye tumboni mwake. Hakuanza kwa maswali, wala hakuuliza watu watasema nini. Elisabeti alikuwa mke wa kuhani, mwanamke mwenye jina zuri, naye alikuwa ameaibishwa miaka mingi kwa utasa; alijua maneno ya watu yalivyo. Akamweka Mariamu kwake muda wa miezi mitatu hivi. Ni katika nyumba hiyo Mariamu alipomwimbia Mungu awainuaye wanyonge na kuwashibisha wenye njaa.

Mama wa makamo, neno hili ni lenu. Akija binti kwenu amejaa hofu, yale mtakayomwambia mlangoni ndiyo atakayoyakumbuka maisha yake yote. Ikiwa ni binti wa shule amepata mimba, fahamuni ya kuwa tangu mwaka 2021 serikali ya Tanzania imewaruhusu wasichana waliojifungua kurudi shuleni. Mlango huo uko wazi, lakini hataufikia kama mlango wa nyumbani umefungwa.

Wapenzi wetu, hawa ndio mama watano. Kila mmoja alingoja, na hapana hata mmoja aliyengoja kwa kulala. Tamari aliishika haki yake, Rahabu alifunga kamba, Ruthu aliokota masazo, mke wa Uria aliingia akanena, Mariamu alijitoa akaenda safari. Hawakumleta Mwokozi kwa nguvu zao, kama vile mkulima asivyoleta mvua. Mungu ndiye aliyemleta kwa wakati wake, akapitia katika nyumba zao. Tena wengine wao walipata watu wa kusimama pamoja nao: Boazi langoni, Nathani mbele ya mfalme, Elisabeti mlangoni pake. Katika Majilio haya kila mmoja wetu aweza kuona mahali pake, ama pa kungoja, ama pa kusimama na angojaye.

Basi isomeni orodha ile ya Mathayo polepole mwaka huu. Mtakapofika kwenye majina ya wanawake hawa, mtoto aulize, huyu ni nani? Nanyi mjue la kumjibu.

Twawatakia Majilio mema na Kuzaliwa kwenye amani. Bwana awalinde ninyi na wote walio nyumbani mwenu.

Wasalaam.